Sikio la Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Wiki hii darasa la kwanza wanajifunza m. Irabu tano wamekwisha kuzipita, a, e, i, o, u, na sasa wamefika kwenye konsonanti ya kwanza, hatua ambayo kwa mtu mzima haina uzito wowote. Nani anakumbuka siku aliyoijua m? Lakini hapa ndipo kusoma kunapoanza hasa. Mtoto anayeijua a anajua sauti moja tu. Aliyeishika m, akaishika na a, kisha akazitoa zote kwa pumzi moja ikasikika ma, huyo amesoma. Yote atakayoyasoma maishani mwake, barua, mkataba, maelekezo ya dawa, ni tendo hilohilo likirudiwa kwa kasi.

Darasa ninalolisimulia liko katika shule ya serikali upande wa Mabatini, wilayani Nyamagana, jijini Mwanza, huku nyumba zinakopanda juu ya mawe mpaka mgeni akajiuliza maji yanafikaje kule. Watoto wanakaribia mia. Ni wengi mno, na sitaki kuandika kana kwamba hilo ni jambo la kuzoeleka. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, watoto ambao zamani wangebaki nyumbani wanakuja shule, na hilo ni jema kabisa, ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa mwendo huo. Mwalimu ni mama wa makamo. Kipindi chake ni dakika 30. Ndani ya dakika hizo anafanya kazi ambayo naiona ngumu kuliko nyingi tunazozipigia makofi, na ngumu zaidi kwa kuwa ikifanywa vizuri haionekani.

Haanzi na ubao. Anaanza na midomo. "Fungeni midomo, toeni sauti puani," anasema, na chumba kizima kinavuma. Anawaambia wazibe pua kwa vidole viwili. Sauti inakatika papo hapo. Wanaachia, inarudi, wanaziba tena, inakatika tena, na kicheko kinaenea kutoka dawati hadi dawati. Kwa mchezo huo wameshajua, bila kuambiwa, kwamba m inapita puani midomo ikiwa imefungwa. Ndipo anapogeuka upande kidogo ili wauone mdomo wake, anavuma m ndefu, halafu taratibu anaifungua midomo na a inatokea bila kituo: mmmaaa. Anarudia. Anarudia tena. Kati ya m na a haachi hata tundu la sindano, kwa sababu tundu hilo ndilo linalowapoteza watoto.

Wengi wetu tuliosoma zamani tulifundishwa herufi kwa majina. Hiyo ni "em", tukaambiwa, na hiyo ni "a", na tukatakiwa kuelewa kwamba em na a ni ma. Kwa nini iwe ma, isiwe ema? Aliyeng'amua aling'amua, na ambaye hakung'amua alikariri ubao mzima kwa wimbo, akawa anaimba ma me mi mo mu huku kidole chake kiko kwenye mstari wa ba. Upimaji wa kitaifa uliofanyika mwaka 2013 ulionyesha kwamba katika darasa la pili, chini ya mtoto mmoja kati ya kumi ndiye aliyeweza kusoma Kiswahili kwa kasi inayotakiwa na akakielewa alichosoma. Mwaka 2015 ukaja mtaala uliolikabidhi darasa la kwanza na la pili kazi moja kubwa, KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na katika kusoma sauti ya herufi ikatangulia jina lake. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umebadilisha mengi, lakini sauti bado imeshika nafasi ya mbele.

Hata kuanza na m si bahati nasibu. M unaweza kuivuta kadiri pumzi inavyoruhusu, na mtoto akapata muda wa kuisikia kabla ya kuiacha. B haivutiki. T haivutiki, wala k. Ukijaribu kuitamka b peke yake, irabu inajipenyeza nyuma yake upende usipende, ikawa "bu" au "ba", na mtoto akabaki akijumlisha sauti mbili wakati wewe unadhani umempa moja. Kwa hiyo mwalimu huyu huanza na sauti zinazovutika, akaziweka zile za kupasuka baadaye, wakati kuunganisha kumekwisha kuwa mazoea.

Halafu angalia anachokikataa. Ukimwomba mtu yeyote neno linaloanza na m, atakutajia mti, mtu, mbuzi au mbwa. Mwalimu huyu hayaandiki hata moja wiki hii. Katika mti, m imesimama peke yake bila irabu na inahesabiwa kuwa silabi kamili. Katika mbuzi, imeshikamana na b. Mtoto ambaye jana tu ameambiwa kwamba m huungana na a ikatoka ma, leo akikutana na mti atasoma "miti" au "muti", na hatakuwa na kosa lolote, maana atakuwa ametii alichofundishwa. Hapa Mwanza jambo hilo lina mzizi wa ziada, kwani watoto wengi hukua wakisikia Kisukuma, na katika Kisukuma mtu ni munhu, ile u ipo na inasikika. Mti na mtu vitakuja miezi ijayo, kwa makofi: m, ti, makofi mawili, m, to, to, matatu. Sasa hivi anaandika mama, mimi, mia, maua, mume, umeme.

Umeme! Sikuwahi kufikiri kwamba neno kubwa hivyo linaweza kusomwa na mtoto mwenye konsonanti moja tu mkononi. U, me, me. Siku ya nne ya wiki aliandika sentensi nzima ubaoni, "Mama ameumia", na ukiichunguza hutakuta ndani yake herufi nyingine yoyote isipokuwa irabu na m. Watoto wakaivuta silabi moja moja, a, me, u, mi, a, kisha wakairudia kwa haraka kidogo, na mara sura zikabadilika. Mmoja akauliza, "Mwalimu, ameumia wapi?" Swali hilo ndilo ushahidi kwamba ujumbe umefika. Hakuna aliyewasimulia habari za mama yeyote. Wameitoa habari kwenye chaki, wenyewe.

Hii ni neema ya Kiswahili, na inafaa tuijue. Herufi zetu zinatamkwa karibu vilevile kila mahali, na silabi zetu nyingi mno huishia kwenye irabu. Mtoto mwenye irabu tano na konsonanti kumi ana silabi 50. Akizipanga mbilimbili anapata jozi 2,500. Si jozi zote zina maana, lakini zote anaweza kuzitamka. Mwaka 2003 watafiti wa Ulaya walichapisha matokeo ya kulinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha 13, wakakuta kwamba wa Kifini, Kiitaliano na Kihispania, ambao maandishi yao hayapindi, karibu wote husoma maneno sawasawa kabla mwaka wa kwanza haujaisha, ilhali wa Kiingereza huchukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Kiswahili kiko upande wa Kifini. Ndiyo maana mtoto wa Kitanzania akifika darasa la tatu hajui kusoma, mimi siilaumu lugha, na mtoto simlaumu kabisa.

Nimesema ufundi huu hauonekani. Sehemu yake kubwa iko masikioni. Anasimama msichana mmoja, mbele yake kuna kadi iliyoandikwa mimi, naye anasoma "mama". Anasimama mvulana wa dawati la nyuma, kadi ina ma, anasoma "mu-a". Wa tatu anasoma mo kuwa "mu". Kwa mpita njia hao wote wamekosea. Mwalimu amesikia mambo matatu tofauti. Msichana anabahatisha: ameona m, akakumbuka neno analolipenda, hakuangalia kilichofuata. Mwalimu anaifunika m kwa kidole gumba, inabaki i. "Hii nani?" "I." Anafunua. "Haya." Msichana anasoma mi, kisha mimi, na kidole kimefanya kazi yote. Mvulana hajaachana na ile irabu ya bandia inayoingia nyuma ya konsonanti, kwa hiyo anarudishwa kwenye pua na mvumo, mpaka m isimame peke yake. Wa tatu hana shida na m hata kidogo. Shida yake ni o na u, deni la mwezi uliopita, na mwalimu anaandika jina lake kwenye daftari dogo ili amfuate baadaye. Fundi wa injini za mitumbwi kule Igogo husikia mlio akajua kama ni mafuta au ni plagi. Mama huyu anasikia "mu-a" akajua ni wiki ipi ya mafunzo imevuja.

Nilichokistaajabia zaidi ni namna anavyowanasa wanaoimba na kundi. Darasa la watoto mia likisoma kwa pamoja, sauti huwa nzuri sana, na ndani ya uzuri huo wanaweza kujificha watoto ishirini wasiojua kitu. Yeye hasikilizi sauti wakati huo; anaangalia midomo. Mtoto anayesoma hufungua mdomo pamoja na wenzake. Anayefuatisha huchelewa kidogo sana, nusu ya kupepesa jicho, kwa kuwa anasubiri kusikia. Basi anagawanya darasa: mstari wa dirishani peke yao, mstari wa mlangoni peke yao, halafu wawili wawili, na kundi linazidi kupungua mpaka yule mchelewaji akose kivuli. Hamwaibishi. Anasoma naye silabi ya kwanza kwa sauti ya chini, anamwacha amalizie ya pili, na darasa linampigia makofi kwa ile ya pili. Makofi yenyewe yana kanuni: hayatoki mpaka mtoto amefanya jambo yeye mwenyewe.

Kuandika ni kazi nyingine kabisa, ingawa herufi ni ileile. Walimu wanaiita uumbaji wa herufi, na inaanza mbali na karatasi. Kwanza mkono mzima hewani, bega likizunguka: shuka, panda, pinda, shuka, panda, pinda, shuka. Kisha kidole juu ya dawati. Kisha nje kwenye mchanga, ambako makosa hayagharimu chochote, unafuta kwa kiganja na kuanza upya. Penseli inakuja mwisho, na kwa wengine inakuja ikiwa kipande kifupi kilichorithiwa kwa kaka. Watoto wengi huipa m nundu tatu, au nne, kwa sababu mkono ukishaanza kucheza haupendi kusimama. Mwalimu hafuti. Anamwambia mtoto ahesabu nundu za kwake na za ubaoni, ajionee.

Mwenyewe akiandika ubaoni hasimami ameupa ubao uso na darasa mgongo. Anasimama upande, bega limeegemea ukuta, mkono umenyooka, ili watoto wauone mkono ukitembea. Herufi iliyokamilika haimfundishi mtoto pa kuanzia. Mkono unaotembea unamfundisha. Chaki ameivunja nusu, maana nzima ikishikwa mwishoni hupiga kelele inayokata masikio, na anaikandamiza vya kutosha ili wa nyuma, walio mbali na dirisha, waone mstari mnene. Kuna watoto wanaoandika kwa mkono wa kushoto. Zamani wangechapwa vidole. Yeye amewaketisha mwisho wa dawati upande wa kushoto, viwiko vyao visigongane na vya majirani, na habari ikaishia hapo.

Kwenye kuhesabu wako namba sita hadi tisa. Watoto wa jiji hili si wageni wa hesabu. Mtoto ambaye mama yake anauza dagaa kwa mafungu, au nyanya sokoni Mirongo, anaijua chenji ya elfu moja kabla hajaijua alama ya 7. Kazi ya mwalimu ni kuyakutanisha hayo mawili. Vihesabio vyake ni vizibo vya soda kwenye kopo la bati. Anawapa saba, wanavipanga mstari uliobanana. Anawaambia waachanishe, mstari unakuwa mrefu. "Vingapi sasa?" Wapo wanaosema tisa, kumi, kwa kuwa mstari umerefuka. Hawakatazi. Anawaacha wahesabu kwa kugusa, kimoja kimoja, na wanashangaa kukuta ni saba vilevile. Kisha wanagawa: tatu na nne, tano na mbili, sita na moja, saba na kopo tupu. Kwa njia hiyo kujumlisha na kutoa vimeingia kabla ishara zake hazijatajwa.

Mwanza ina historia ndefu na silabi. Kati ya mwaka 1968 na 1972 mikoa ya Ziwa ilikuwa uwanja wa mradi wa majaribio wa UNESCO na UNDP wa kisomo chenye manufaa, makao yake yakiwa hapahapa mjini. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe, pamba, migomba, uvuvi, ng'ombe. Mwaka 1974 likaanzishwa Mwanza gazeti la wasomaji wapya, Elimu Haina Mwisho, kwa sababu waliosimamia waliona kwamba mtu akishajua kusoma na asipate cha kusoma, husahau. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika nchini walipungua kutoka karibu theluthi mbili ya watu wazima mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Bibi wa watoto hawa, waliosoma jioni baada ya shamba, walipanda ngazi hiyohiyo ya ma na mi. Na Mwalimu Nyerere mwenyewe aliianza akiwa na miaka kama 12, mwaka 1934, katika shule ya Mwisenge, Musoma, kwenye ufuo wa ziwa hilihili.

Vilevile hapa ndipo kilipo Chuo cha Ualimu Butimba, kinachojulikana nchi nzima kwa muziki, sanaa na michezo. Kuna watu hudhani masomo hayo ni mapambo. Waje wamwone mwalimu wa darasa la kwanza akiwatuliza watoto mia bila fimbo wala kelele, kwa mdundo wa makofi anaouanzisha yeye na wao wakaujibu, mara ya tatu chumba kimetulia. Waje waone chati aliyoichora kwa mkono kwenye manila, maua yakawa maua kweli, kwa kuwa mchoro mbovu humfanya mtoto asome "mti" mahali palipoandikwa maua.

Nina lalamiko moja, nalo naliandika kwa uzito. Katika shule nyingi walimu wanaohesabiwa kuwa hodari hupewa darasa la saba, kwa kuwa kule kuna mtihani wa taifa na matokeo ya kila shule yanatangazwa. Darasa la kwanza huachiwa yeyote aliyebaki, au aliyeajiriwa juzi. Huko ni kupanga kinyume. Mtoto wa darasa la saba ambaye mwalimu wake ni dhaifu anaweza kujisomea kitabu. Wa darasa la kwanza hana kitabu anachoweza kujisomea. Ana mwalimu tu. Ningekuwa mwalimu mkuu, mtu mwenye sikio kama la mama huyu ningempa darasa la kwanza miaka yote, na kila mwalimu mgeni ningemkalisha nyuma ya darasa hilo kwa muhula mzima kabla ya kumkabidhi chaki.

Ijumaa, kipindi kikiisha, anajaza tathmini kwenye andalio la somo. Waliounganisha m na irabu zote tano ni wengi. Waliokwama kwenye o na u amewaandika, na Jumatatu watakaa mbele, wabaki naye kidogo kwa mafunzo rekebishi baada ya wenzao kutoka. Wiki ijayo ni n, na hapo anategemea vurugu, maana n na m zinafanana kwa sura na zote hupita puani. Ameandaa kioo kidogo, watoto waone kwamba kwenye n midomo iko wazi na ulimi ndio umeziba. Baadaye itakuja l. Kwa mtoto wa Kanda ya Ziwa, l na r ni mtihani mkubwa, kwani nyumbani na mtaani zinabadilishana nafasi bila mtu kujali, mahali ikawa mahari na kura ikawa kula. Kwa hiyo hatazifundisha jirani. L ataiweka kabla ya likizo ya Juni, aipe muda ikolee kwenye ulimi, na r ameipangia Agosti. Wiki ya kwanza ya r hakuna atakayetakiwa kuitamka: watasikiliza tu, na kila watakapoisikia watanyoosha mkono.